Mwanao Amekutwa na Seliaki: Namna ya Kuanza Chakula Kisicho na Gluteni

Kabla hujamwondolea mtoto ngano hata siku moja, uliza hospitalini kama vipimo vyote vimekwisha. Ugonjwa wa seliaki hutafutwa kwanza katika damu, na damu husema kweli pale tu mtoto anapokuwa bado anakula ngano kama kawaida yake. Kipimo cha kwanza hutafuta kingamwili ziitwazo tTG-IgA. Pamoja nazo hupimwa jumla ya kingamwili za aina ya IgA mwilini, maana mtoto mwenye upungufu wa IgA anaweza kuonekana mzima ilhali anaumwa. Baada ya hapo daktari bingwa huamua kama ataingiza kamera kupitia kinywani hadi kwenye utumbo mwembamba na kuchukua vipande vidogo vya kuchunguza. Kiwango cha tTG-IgA katika damu kikizidi mara 10 ya kikomo cha kawaida, na kipimo kingine cha damu kikathibitisha, anaweza kuona kamera haina haja.

Wazazi wengi, kwa uchungu wa kumwona mtoto akikonda, hukimbilia kuacha chapati na mkate siku ileile wanapolisikia jina la ugonjwa. Mtoto anapata nafuu, kingamwili zinashuka, na daktari akitaka kuthibitisha inabidi mtoto arudishiwe ngano kwa wiki kadhaa na kuumwa upya. Basi uliza kwanza. Ukijibiwa kwamba vipimo vimekamilika, anza siku hiyohiyo, na uanze kikamilifu. Hakuna kupunguza polepole.

Gluteni ni protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai. Ndiyo inayoufanya unga wa chapati uvutike bila kukatika. Kwa mtu mwenye seliaki, kinga ya mwili huitazama gluteni kama adui, na katika kupambana nayo huushambulia utumbo wake wenyewe. Ndani ya utumbo mwembamba mna vinyweleo vidogo mno, ambavyo kazi yake ni kufyonza chakula na kukiingiza katika damu. Vinyweleo hivyo vikishanyauka, mtoto anakula na hakui. Tumbo linajaa, choo kinakuwa laini na chenye mafuta, damu inapungua hata akipewa vidonge vya madini chuma. Wengine hawaharishi kabisa: wanafunga choo, au wanabaki wafupi kuliko wenzao bila sababu inayoonekana. Kwetu watoto wa namna hii hupewa kwanza dawa za minyoo, hupimwa kifua kikuu, huandikiwa utapiamlo. Si kosa, kwa kuwa magonjwa hayo ndiyo yaliyo mengi. Lakini mtoto akishatibiwa hayo yote na bado hanenepi, seliaki inastahili kufikiriwa.

Si ugonjwa wa Wazungu peke yao, ingawa huko Ulaya na Marekani huwapata takriban mtu 1 katika kila 100. Miongoni mwa watoto wa Saharawi, watu wa Sahara Magharibi, uchunguzi uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta zaidi ya 5 katika kila 100. Madaktari wa Sudan wanaufahamu vizuri, na wa kaskazini mwa India vilevile. Hurithiwa kupitia vinasaba, lakini wengi wenye vinasaba hivyo hawaugui kamwe. Hauambukizi. Hausababishwi na mama kula kitu fulani akiwa mjamzito, wala na jicho la mtu. Wala si mzio wa ngano, ambao ni ugonjwa mwingine wenye njia yake.

Aliyeonyesha kwamba kisa ni ngano ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke. Alikuwa ameanza kuishuku ngano kabla ya Vita Kuu ya Pili. Njaa ya majira ya baridi ya 1944 hadi 1945 ilipoifanya mikate iadimike nchini mwake, watoto wenye seliaki wakawa hawajambo, na mikate iliporudi wakaanza kuugua tena. Aliandika tasnifu yake mwaka 1950. Tangu wakati huo tiba ni ileile: kuacha gluteni maisha yote. Hakuna kidonge wala mitishamba inayomruhusu mtoto kurudi kwenye ngano.

Jiko letu limeshafika nusu ya safari

Mzazi anayesoma maelekezo yaliyoandikwa Ulaya huogopa, kwa sababu kule karibu kila mlo una ngano na familia huanza kwa kusaka mikate maalumu. Kwetu hali ni tofauti sana. Ugali wa sembe au dona hauna gluteni. Wali hauna. Mihogo, ndizi za kupika, viazi vitamu, viazi mviringo, magimbi, makande, mtama, ulezi, uwele, maharage, kunde, choroko, dengu, karanga, nazi, mayai, samaki, nyama, maziwa, matunda na mboga zote ziko salama katika hali yake ya asili. Hata shughuli zetu kubwa ni za wali: mtoto huyu atakula pilau na biriani pamoja na wenzake.

Kwa hiyo usiharakishe kununua pakiti za kigeni zilizoandikwa kwamba hazina gluteni. Ni ghali mno, nyingi zina sukari na mafuta zaidi kuliko madini na nyuzinyuzi, na mtoto akizizoea utazitafuta kila mwezi. Mwenye uwezo anunue tambi za mahindi au za mchele kwa siku maalumu. Fedha nyingine ni heri iende kwenye maini, dagaa na matunda.

Ugumu wetu uko mahali pawili: asubuhi, na katika vile vyakula ambavyo ngano imejificha ndani yake.

Asubuhi ni ya mkate, mahamri, maandazi, chapati, skonsi na biskuti, yote ngano. Hapa inafaa kurudi kwa mapishi ya pwani. Vitumbua vya mchele, vibibi, chila na mkate wa kumimina vimekuwapo karne nyingi bila kuhitaji ngano. Loweka vikombe 2 vya mchele usiku kucha, umwage maji yake asubuhi, usage kwenye blenda na kikombe kimoja cha tui zito, iliki, sukari kidogo na kijiko kidogo cha hamira, uache uumuke, kisha uchome. Unga uliobaki ukae jokofuni kwa ajili ya kesho. Pwani kuna pia mkate wa mofa, ambao asili yake ni mtama, ila siku hizi wapo wanaouchanganya na ngano, hivyo usinunue bila kuuliza. Wahindi wa Afrika Mashariki wana rotla ya uwele au mtama: unga hukandwa kwa maji ya moto sana, kwa sababu bila gluteni ni joto la maji linaloushikamanisha, halafu hutandazwa kwa kiganja na kuchomwa kwenye chuma. Haitavutika kama chapati. Mtoto akiipata ya moto, yenye samli, ataizoea. Siku nyingine viazi vitamu vya kuchemsha na chai, mihogo ya nazi, au mayai na ndizi, vinatosha kabisa.

Ngano inapojificha

Uji wa lishe ndio mtego mkubwa kuliko yote, kwa kuwa hupewa mtoto mgonjwa ili apone. Unga wake mara nyingi huchanganywa nafaka tano au sita, na ngano ni mojawapo. Tengeneza wako: ulezi, mahindi, karanga na soya vinatosha. Usiongeze ngano wala shayiri, hata fundi wa lishe wa mtaani akikwambia kwamba bila hizo uji hauna nguvu.

Bokoboko, ambayo ndugu zetu walioko Oman na nchi za Ghuba huijua kwa jina la harisi, ni ngano tupu iliyopondwa na nyama. Urojo wa Zanzibar huzitishwa kwa unga wa ngano. Uji na supu ya shayiri inayopendwa wakati wa futari haifai, wala kaimati, sambusa, tambi, visheti na semolina. Katlesi hupakwa chenga za mkate. Bajia za dengu na kachori wapo wanaozitia ngano ili zishikane. Samaki na kuku wa kukaanga wa mgahawani huviringishwa kwenye unga kabla ya kuingia karaini. Chipsi zenyewe ni viazi, ila zikikaangwa katika mafuta yaleyale ya sambusa si salama tena. Soseji nyingi zina unga. Sosi ya soya ya kawaida hutengenezwa kwa soya na ngano, na huingia katika mishikaki na wali wa kukaanga bila mtu kuitaja. Halua ina wanga: muulize mpishi ni wanga gani.

Kimea kinahitaji uangalifu wa pekee. Kimea cha ulezi tunachokitumia kulainishia uji hakina gluteni. Kimea kilichomo katika vinywaji vya unga vya kopo, katika nafaka za asubuhi za boksi na katika baadhi ya pipi za chokoleti kwa kawaida ni cha shayiri, nacho hakifai. Oti yenyewe huwafaa wengi wenye seliaki, lakini oti ya dukani kwa kawaida imechanganyikana na ngano tangu shambani na kiwandani. Iache mwaka wa kwanza, kisha zungumza na daktari kuhusu oti iliyothibitishwa kuwa safi.

Soma kila pakiti, kila unapoinunua, maana viwanda hubadili viungo. Kiwango kinachotambuliwa kimataifa, kilichowekwa na Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, ni kwamba chakula kinachoitwa kisicho na gluteni kisizidi miligramu 20 za gluteni kwa kilo. Walioko Ulaya wana nafuu: sheria inataka ngano, shayiri, rai na oti zitajwe waziwazi katika orodha ya viungo. Marekani sheria inalazimisha kutaja ngano, si shayiri, kwa hiyo huko neno la kutafuta zaidi ni kimea. Nyumbani kwetu, pakiti isiyoeleza viungo vyake irudishe rafuni. Dawa nazo zina wanga wa kushikamanisha vidonge. Mwambie mfamasia kila mara kwamba mtoto ana seliaki.

Kuna na hatari isiyoandikwa popote: mashine ya kusaga. Jirani akisaga ngano na wewe ukafuata na mahindi yako, unga wako wa kwanza umebeba masalio yake. Tafuta mashine isiyosaga ngano. Ukiikosa, saga kwanza mahindi ya watu wazima, ya mtoto yafuate nyuma. Dukani muuzaji hutumia kibakuli kimoja kuchotea sembe na unga wa ngano, hivyo nunua ya pakiti iliyofungwa. Mtama na ulezi wa soko vichambue kwenye ungo kabla ya kuosha, maana punje za ngano huchanganyikana humo. Viungo vya pilau na bizari nunua vizima ukavitwange mwenyewe, kwa sababu vya kusagwa huweza kuongezewa unga.

Nyumba yenye ngano na mtoto asiyeigusa

Je, familia nzima iache ngano? Naona jibu linategemea nafasi mliyo nayo. Unga mkavu huruka, hukaa juu ya meza, hutua kwenye sufuria iliyo wazi. Penye jiko la chumba kimoja, ambamo ndimo mnamolala na kupika, ni rahisi na salama zaidi nyumba nzima ikaachana na kukanda ngano, angalau miezi ya mwanzo. Mwenye jiko kubwa anaweza kukanda baada ya chakula cha mtoto kupikwa na kufunikwa, kisha afute kila mahali kwa kitambaa kibichi.

Mtoto awe na mwiko wake, chekeche lake, kibao chake na kikaango chake cha chuma cha vitumbua, vyote vipya, kwa sababu mbao na matundu ya chekeche hushika unga usiotoka. Sufuria, vijiko na sahani zikioshwa vizuri kwa sabuni zinatosha, hazihitaji kununuliwa upya. Mafuta yaliyokaangia maandazi yasikaangie chakula chake. Kopo la siagi na la jemu awe nayo ya kwake yenye jina lake, kwani kisu kilichopaka mkate huacha chembe ndani. Chakula chake kipikwe kwanza, kipakuliwe kwanza, kikae rafu ya juu.

Nimesema chembe na ninamaanisha chembe. Kipande kimoja cha mkate kina gluteni ya takriban gramu 2. Miligramu 50 kwa siku, yaani kama sehemu ya 40 ya kipande hicho, zikiliwa kila siku kwa miezi michache zinatosha kuujeruhi utumbo tena. Pengine mtoto hataharisha wala kulalamika. Ndiyo maana maneno ninayoyahofia kuliko yote katika ugonjwa huu ni "kidogo tu, haidhuru." Husemwa kwa mapenzi, na bibi, na shangazi, na mwenye duka anayemzawadia mtoto biskuti. Bibi hawezi kulaumiwa kwa jambo ambalo hakuelezwa. Mpeleke kliniki pamoja nanyi siku moja amsikie daktari kwa masikio yake, kisha mpe kazi: yeye ndiye atakayepika vitumbua vya mjukuu. Mimi sijui mlinzi mzuri kuliko bibi aliyeelewa.

Dada wa kazi aelezwe hivyohivyo, kwa utulivu na kwa kuonyeshwa vyombo, maana ndiye anayeshinda na mtoto. Shuleni andika barua fupi pamoja na cheti cha daktari, useme kwamba ni ugonjwa na si kuchagua chakula, utaje ngano, mkate, maandazi, biskuti, chapati na uji wa mchanganyiko, na useme pia kile anachoweza kula, kwa mfano makande au wali na maharage. Mpe mwalimu kikopo cha kashata za nazi au karanga, ili siku mwenzake anapoleta keki ya kuzaliwa yeye asikae akitazama. Udongo wa kuchezea wa madarasa ya awali mara nyingi ni unga wa ngano. Wadogo huutia mdomoni.

Jambo la ibada lisiachwe hadi siku yenyewe. Kwa Wakatoliki, hostia isiyo na ngano kabisa haikubaliki, lakini Kanisa linaruhusu hostia zenye gluteni kidogo sana, na pia kupokea kwa divai peke yake. Kuna hostia za aina hiyo zilizo chini ya kile kiwango cha miligramu 20 kwa kilo. Zungumzeni na paroko miezi kadhaa kabla ya komunyo ya kwanza, ili hostia za mtoto ziwekwe katika chombo cha peke yake mbali na nyingine.

Kumjenga upya

Utumbo uliojeruhiwa umekuwa ukipoteza madini chuma, foliki, zinki, kalsiamu na vitamini D. Kuna jambo lingine: unga wa ngano wa viwandani katika nchi zetu huongezwa madini chuma na foliki, hivyo ukiuondoa umeondoa na hizo. Zirudishe kwa maini mara moja kwa wiki, dagaa wanaoliwa na mifupa yao, mayai, maharage, mchicha na matembele pamoja na chungwa au embe ili madini chuma yafyonzwe. Ulezi una kalsiamu zaidi ya miligramu 300 katika gramu 100, nafaka chache zinaufikia. Badilisha nafaka kila siku, usimlishe wali na sembe pekee. Na kwa kuwa atakula mahindi na karanga kwa wingi, chagua zilizokauka vizuri, zisizo na ukungu wala punje zilizobadilika rangi. Sumukuvu si jambo la kupuuza: mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya.

Wiki za mwanzo maziwa ya kawaida yanaweza kumletea gesi na kuharisha, kwa sababu vinyweleo vilivyonyauka ndivyo vinavyotengeneza kimeng'enya cha kuyeyusha sukari ya maziwa. Mpe mtindi, au punguza maziwa kwa muda; yatarudi utumbo ukipona. Mtoto aliyedhoofu mno, mwenye uvimbe wa miguu au asiyeweza kusimama, asilishwe kwa wingi ghafla nyumbani. Huyo arudishiwe chakula chini ya uangalizi wa hospitali.

Wengi huanza kuchangamka ndani ya wiki chache: hamu ya kula inarudi, tumbo linapungua, hasira za jioni zinaisha. Kingamwili huchelewa, na kwa baadhi huchukua mwaka mmoja hadi miwili kurudi kawaida. Akila ngano kwa bahati mbaya, usimtapishe wala usimkaripie. Mpe maji ya kutosha au ORS akiharisha, endelea na chakula chake, na utafute ilipotokea. Mtoto anayekaripiwa hujifunza kuficha, na hapo hutajua tena alichokula.

Kliniki ya kwanza baada ya kuanza iwe ndani ya miezi mitatu hadi sita, kisha kila mwaka: uzito, urefu, damu, tTG-IgA, na tezi ya shingo kama daktari ataona inafaa. Mwulize daktari kuhusu chanjo ya homa ya ini B, kwa kuwa kwa baadhi ya watoto wenye seliaki kinga yake haishiki vizuri na huhitaji kurudiwa. Na wapelekeni ndugu zake wa tumbo moja wapimwe, na wazazi wote wawili, hata kama wanajiona wazima, kwani karibu mmoja kati ya kumi wa jamaa wa karibu namna hiyo hukutwa nao. Wasiache ngano kabla ya kupimwa. Asiyekutwa nao leo anaweza kuupata miaka ijayo, hivyo kipimo kirudiwe kila baada ya miaka michache, na mara moja akianza kukonda, kuishiwa damu au kusimama kukua.